Sindano Tunachomwa, Madhara Anahesabu Nani?

Vijana wenzangu, leo naomba tuiweke pembeni kidogo Katiba Mpya tuongee kuhusu tumbo. Najua wapo kina kaka watakaosema hii si siasa. Wasome mpaka mwisho, halafu tubishane.

Kuna ugonjwa unaitwa endometriosisi. Tishu inayofanana na ile ya ndani ya mji wa mimba inaota nje yake: kwenye ovari, kwenye mirija, hata kwenye utumbo. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, unawapata wanawake na wasichana takriban milioni 190, yaani kama asilimia 10 ya walio katika umri wa kuzaa. Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, alijitokeza hadharani kusema anao. Huku mtaani tunaambiwa ni chango, ukizaa litaisha.

Wimbo huo nimeusikia tangu kidato cha pili. Nilipofika chuo ndipo daktari mmoja akanisikiliza, akaniambia jina la ugonjwa na kuniandikia sindano ya miezi mitatu, ile ile ya uzazi wa mpango. Maumivu yalipungua, sikatai. Nikamuuliza nitachoma mpaka lini. "Tutaendelea tu." Na baada ya miaka kumi je? Akacheka kidogo, akaita mgonjwa mwingine.

Swali langu halikuwa la kijinga. Dawa ya sindano hiyo, medroksiprojesteroni, iliruhusiwa Marekani kama uzazi wa mpango mwaka 1992. Mwaka 2004 ndipo mamlaka ya dawa ya huko ikataka iwekewe onyo kali: inapunguza madini ya mifupa, isitumike zaidi ya miaka miwili ila kama njia nyingine hazifai. Machi 2024 watafiti wa Ufaransa wakaandika kwenye jarida la BMJ kwamba kuichoma kwa mwaka mmoja au zaidi kulihusishwa na hatari mara 5.6 ya uvimbe kwenye utando wa ubongo unaohitaji upasuaji. Tuseme ukweli wote: uvimbe huo ni nadra, mara nyingi si saratani, na mara 5.6 ya kitu kidogo bado ni kidogo. Sitaki dada yeyote aache sindano kwa sababu yangu. Nenda kaongee na daktari wako.

Lakini kutoka 1992 mpaka 2024 ni miaka 32! Na dawa mpya nazo? Elagolix iliruhusiwa Marekani mwaka 2018 kwa maumivu haya haya. Kwenye majaribio yake makuu mawili, wanawake walilinganishwa na wasiopewa dawa kwa miezi sita. Kwa sababu ya mifupa, dozi ndogo mwisho wake ni miezi 24 na dozi kubwa miezi sita. Ugonjwa wenyewe unaweza kuanza na hedhi za mwanzo ukakaa mpaka hedhi ikome. Dawa ya miezi 24, ugonjwa wa miaka 30.

Sasa siasa iko wapi? Iko hapa. Wafaransa hawajatuzidi akili. Wametuzidi kumbukumbu. Matibabu yanayolipiwa na bima yao ya taifa yanaandikwa mahali pamoja, kwa hiyo watafiti walichukua wanawake zaidi ya 18,000 waliopasuliwa uvimbe huo kati ya 2009 na 2018, wakarudi nyuma kuangalia kila mmoja alitumia dawa gani. Waliokutwa na historia ya sindano hii walikuwa 9 tu, maana kule wanaichoma wachache. Kwetu ni moja ya njia zinazotumika sana. Yaani sisi tunaochoma kwa wingi tunasubiri kuambiwa na wanaochoma kwa uchache!

Wataniambia TMDA ipo na inapokea taarifa za madhara ya dawa. Sawa, ipo. Lakini mama atakayevunjika nyonga akiwa na miaka 55 atajuaje kuihusisha na sindano alizochoma akiwa na miaka 25? Madhara ya muda mrefu hayaripotiki dirishani. Yanatafutwa.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Chama chetu kisiishie kuuliza nani atalipa. Kidai mambo matatu. Moja, kumbukumbu za bima zitumike kufuatilia wanaotumia dawa za homoni kwa miaka mingi, majina yao yakifichwa. Mbili, anayezidisha miaka miwili apimwe mifupa, na kipimo kiwe ndani ya bima. Tatu, kila anayeandikiwa dawa hizi apewe maelezo ya hatari zake kwa Kiswahili, kabla ya kuchomwa.

Mimi nasoma sheria, kwa hiyo nitamalizia kwa kifungu. Ibara ya 18(d) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake. Tumezoea kuitaja magazeti yanapofungiwa. Hivi mwili wangu si jambo muhimu kwa maisha yangu?

Wiki ijayo naenda kuchoma nyingine, kwa sababu maumivu hayasubiri utafiti. Ila safari hii nitauliza tena, na sitatoka mpaka nijibiwe. Naomba na ninyi muulize.

Naomba kuwasilisha.