MGONJWA ASIACHWE GATINI

Mgonjwa wa uvimbe wa mfupa anaporudi kisiwani kutoka Dar es Salaam au India akiwa na mguu wake, jamaa humpokea gatini kwa furaha na kumshukuru Mungu. Ni haki yao, kwani zamani wengi wa wagonjwa hawa walikatwa mguu ili roho ipone. Lakini hatuna budi kusema kwamba, kwa yule aliyetiwa mfupa wa mtu mwingine, siku hiyo siyo mwisho wa matibabu.

Daktari aondoapo uvimbe huondoa na kipande cha mfupa. Pengo hilo huweza kuzibwa kwa mfupa wa marehemu uliopimwa maradhi na kuhifadhiwa katika baridi kali, kisha ukakazwa kwa vyuma na skrubu. Mfupa huo hauna uhai. Mwili huuingia polepole, kutoka nchani na juu juu tu, na sehemu kubwa ya ndani hubaki mfu kwa miaka mingi. Ukipata ufa hauwezi kujiunga wenyewe. Ukiingiwa na vijidudu, dawa haiufikii barabara kwa kuwa hauna damu.

Mwaka 1996, Dakta Henry Mankin na wenzake wa Boston, Marekani, walitoa hesabu ya mifupa 718 waliyopandikiza tangu 1971. Yapata mmoja katika kila 10 uliingia usaha, asilimia 17 haikuungana, na asilimia 19 ilivunjika. Hatari ya usaha ilikuwa kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza, na ya kuvunjika katika miaka 3 ya mwanzo. Hata hivyo, kiasi cha robo tatu ya wagonjwa walifaidika kwa muda mrefu. Kwa hiyo tiba hii ni njema, ila yataka uangalizi.

Miaka hiyo 3 mgonjwa wetu huwa yuko kwao, Micheweni au Makunduchi, mbali na aliyempasua. Homa ikimpata ni rahisi kudhaniwa homa ya kawaida. Mguu ukimuuma huenda akakandwa. Akijiona ana nafuu hutupa magongo kabla ya wakati wake.

Ni maoni yetu kwamba Wizara ya Afya ihakikishe mambo matatu. Kwanza, kila hospitali ya wilaya iwe na daftari la wagonjwa hawa. Pili, kila arudiye awe na barua ya daktari wake na picha za eksirei, naye apangiwe siku za kupigwa picha nyingine. Tatu, nauli ya kurudi kuangaliwa ihesabiwe tangu mwanzo katika gharama za matibabu.

Jamaa nao wana wajibu. Jeraha likitoka maji, mguu ukivimba na kuwa wa moto, homa ikizuka, au maumivu mapya yakianza anapokanyaga, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asikandwe, wala asiache magongo mpaka daktari amruhusu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Fedha nyingi zimekwisha kutumika kuuokoa mguu huo. Haitakuwa busara kuupoteza kwa kukosa nauli ya boti.