Kamera ya Bei Nafuu Imepunguzwa Wapi?

Februari 2018 kampuni ya Canon ya Japani ilizindua EOS 4000D, kamera ya kubadilisha lenzi iliyopangwa chini kabisa katika safu yake. Nchini Uingereza iliuzwa takriban pauni 370 pamoja na lenzi. Bei hiyo haikushuka kwa miujiza. Pete ya kufungia lenzi, ambayo kwa kawaida huwa ya chuma, ilitengenezwa kwa plastiki. Kioo cha nyuma kilifanywa kidogo. Swichi ya kuwashia iliondolewa, kazi yake ikapewa gurudumu la kuchagulia aina ya upigaji. Na pale juu, kwenye reli ya kuchomekea flashi, pini ya katikati haipo.

Anayejifunza kupiga picha anaweza kumaliza mwaka bila kujua kuwa pini hiyo imekosekana. Atajua siku atakapoamua kufungua kistudio cha picha za pasipoti. Atanunua taa mbili za flashi na triga ya bei ya chini, atamsimamisha mteja mbele ya pazia jeupe, atabonyeza, na taa hazitawaka. Triga nyingi za bei nafuu, pamoja na flashi za zamani, hupokea amri kupitia pini hiyo moja tu. Flashi za kisasa za Canon yenyewe zitafanya kazi, na baadhi ya zile za kampuni nyingine zinazowasiliana na kamera kwa ishara za kidijitali, lakini kwa kawaida bei yake iko juu. Fedha aliyookoa dukani inaanza kumtoka studioni.

Ndiyo maana swali la kama kamera ya bei nafuu ni nzuri au mbaya halimfikishi mnunuzi popote. Kila kamera rahisi imepunguzwa mahali fulani. La kujiuliza ni wapi, na kama hapo palipopunguzwa patamuumiza mnunuzi huyu kwa kazi anayoikusudia.

Mahali pengi hapamuumizi. Pete ya plastiki haiharibu picha, na mtu anayebaki na lenzi moja au mbili hatarajiwi kuimaliza upesi. Kamera inayopiga picha tatu kwa sekunde itamchosha mwandishi wa michezo aliyeko uwanjani, lakini inamtosha anayepiga ndugu zake, mazao yake shambani au nguo anazouza mtandaoni. Sensa ya megapikseli 18 iliyomo ndani ya 4000D ilikuwa ya kizazi cha karibu muongo mmoja nyuma tangu ilipozinduliwa, na bado inatoa picha inayochapishwa kwa ukubwa wa kalenda ya ukutani bila aibu.

Historia yenyewe haina dharau kwa kamera rahisi. Mwaka 1900 Kodak ya Marekani ilitoa Brownie, kisanduku kilichouzwa kwa dola moja, na watu wa kawaida wakaanza kujipigia picha bila kwenda studio. Miaka mingi baadaye mvulana mmoja wa Dar es Salaam alianza na Brownie iliyokwishatumika. Huyo ni Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984 ziliitikisa dunia. Katika zama za kidijitali hatua ya namna hiyo ilikuja mwaka 2003, Canon ilipotoa EOS 300D kwa dola 899 bila lenzi. Miezi michache kabla, 10D ya kampuni hiyohiyo ilikuwa imetoka kwa dola 1,499.

Mpinzani wa kamera rahisi leo yuko mfukoni. Mwaka 2010 watengenezaji wa Japani walisafirisha kamera za kidijitali zaidi ya milioni 120; mwaka 2020 hawakufika milioni tisa. Simu janja ndiyo iliyozimeza zile ndogo za mfukoni, na kwa haki. Simu hupiga picha kadhaa kwa mpigo mmoja, huziunganisha yenyewe, hung'arisha uso ulio gizani na kuituma picha WhatsApp kabla mpigwa picha hajaondoka. Mtu ambaye picha zake zinaishia kwenye kioo cha simu ana sababu chache za kununua kamera, na muuzaji anayemwambia vinginevyo anatafuta kamisheni.

Kamera ya kubadilisha lenzi inaishinda simu katika mambo mawili ambayo programu haijayafuta: ukubwa wa sensa na uhuru wa lenzi. Sensa ya 4000D ina upana wa milimita 22.3 na kimo cha milimita 14.9. Ile iliyozoeleka kwenye kamera ndogo za mfukoni ni milimita 6.2 kwa 4.6 hivi, na simu nyingi za bei ya kati haziko mbali na hapo. Kwa eneo, ya kwanza ni kubwa kama mara 12, kwa hiyo inakusanya mwanga mwingi zaidi na kuonyesha chengachenga kidogo gizani.

Hata hivyo, faida hiyo inaweza kupotezwa na lenzi inayokuja ndani ya boksi. Ukumbi wa send-off saa tatu usiku unalionyesha hili vizuri: taa za zambarau, maharusi wanaingia wakicheza, na mpiga picha anavuta lenzi yake ya milimita 18 hadi 55 mpaka mwisho. Hapo tundu la lenzi haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Kamera inalazimika kupunguza kasi, na wanaocheza wanatoka na nyuso za moshi. Zaidi ya hapo, lenzi inayofungwa na 4000D haina mfumo wa kutuliza mtikisiko wa mkono. Wengi huilaumu kamera usiku huo, wakaanza kuweka akiba ya kununua bodi kubwa zaidi.

Dawa yao ni ndogo. Lenzi ya Canon ya milimita 50 inayofunguka hadi f/1.8, toleo la mwaka 2015, ilitoka kwa takriban dola 125. Inaingiza mwanga unaokaribia mara 10 ya ule wa f/5.6. Haivuti karibu wala mbali, mpiga picha atatembea kwa miguu yake, lakini bibi harusi ataonekana. Tena lenzi za Canon za mfumo wa EF, ulioanza mwaka 1987, zinaingia kwenye kamera hizi za kuanzia, kwa hiyo soko la zilizotumika ni pana. Wanunuzi wa Nikon wana tahadhari yao: D3500 ya mwaka 2018 haina mota ya fokasi ndani ya bodi, na baadhi ya lenzi za zamani za kampuni hiyo zitataka kuzungushwa kwa mkono.

D3500 inafundisha jambo jingine. Betri yake, kwa kipimo cha kiwandani, inapiga picha 1,550 kwa chaji moja, neema kubwa kwa anayefanya kazi mbali na umeme. Lakini haina tundu la maikrofoni, sawa na 4000D. Kijana anayeota kurekodi mahojiano, mawaidha au nyimbo za kwaya kwa ajili ya YouTube atakuwa na picha safi na sauti ya feni. Nikon yenyewe iliacha kuitengeneza mwaka 2022. Kampuni kubwa zimehamia kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, na huko nako kisu kinapita: Canon EOS R100 ya mwaka 2023, iliyotoka kwa dola 479 bila lenzi, imepewa tundu la maikrofoni lakini kioo chake cha nyuma si cha kugusa wala hakigeuki.

Kuna kundi jingine ambalo halistahili kuwekwa pamoja na hizo zote. Ni zile kamera zisizo na jina la maana, zinazojaa kwenye maduka ya mtandaoni zikiwa zimeandikwa 4K na megapikseli 48 kwa bei ya simu ya kawaida. Nyingi zina sensa ndogo yenye nukta chache kuliko hizo, na programu inajaza nukta za kubuni hadi tarakimu itimie. Zumu yake ya mara 16 ni kukata kipande cha katikati na kukikuza. Hapa upunguzaji umegusa moyo wa kifaa, kisha tangazo likaficha. Linganisha na Kodak Charmera ya mwaka 2025, inayoning'inia kwenye funguo: dola 30, megapikseli 1.6, na inajitambulisha waziwazi kama kichezeo. Anayeinunua anajua anacholipia.

Kwa mwenye fedha kidogo na nia ya kupata riziki, kilichotumika kinastahili kuangaliwa kabla ya kipya cha chini kabisa. Canon 700D ya mwaka 2013 ina megapikseli 18 kama 4000D, lakini ina tundu la maikrofoni, kioo cha kugusa kinachogeuzwa, pete ya chuma, picha tano kwa sekunde na ile pini ya flashi. Inachokosa ni Wi-Fi, hivyo picha za kumtumia mteja palepale zitahitaji kisomeo cha kadi. Vijana wanaopiga watu picha katikati ya jiji la Nairobi na kuwatumia kwenye simu wanajua uzito wa kasoro hiyo.

Kilichotumika nacho kimepunguzwa, safari hii katika umri. Shata ya D3500 imepimwa kwa mipigo 100,000, na kamera ya mpiga picha wa harusi hula idadi kubwa kila wikendi. Picha zinazotoka kwenye kamera za Nikon hubeba hesabu ya mipigo ndani ya taarifa zake, na mnunuzi anaweza kuisoma kwa programu ya bure. Kwa Canon nyingi inahitajika programu maalumu. Katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Zanzibar, unyevu huotesha kuvu kati ya vioo vya lenzi. Tochi ya simu ikimulikwa kutokea nyuma itaonyesha nyuzi zake nyeupe, na lenzi hiyo irudishwe kwenye kabati bila majadiliano ya bei.

Kadi ya kumbukumbu nayo ijaribiwe. Zipo zilizoandikwa GB 128 ambazo ndani hazifiki hata robo, nazo hupokea picha zote kimya kimya kisha zikarudisha nusu ya harusi. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza kadi kwenye kompyuta na kusema ukubwa wake wa kweli.

Basi anayepiga kwa ajili ya kioo cha simu abaki na simu. Mwanafunzi anayetaka kuelewa mwanga, kasi na tundu la lenzi hatadhulumiwa na 4000D mpya yenye dhamana ya muuzaji anayefahamika. Anayetafuta kipato achukue bodi ya daraja la kati iliyotumika, na fedha inayobaki iende kwenye lenzi ya milimita 50, betri ya pili na kadi ya kuaminika, kwa mpangilio huohuo. Begi la kubebea linaweza kusubiri malipo ya mteja wa kwanza.