Bei Moja ya Umeme? Muulizeni Mpangaji

Wadau, hii hoja ya "umeme wa kwetu" tuiweke pembeni kidogo. Hapa Magoma, kama Korogwe yote, utaisikia kila kijiwe: kituo cha Hale kiko kwetu tangu 1964, New Pangani kiko jirani tangu 1995, sasa kwa nini tulipe sawa na mtu wa Dar?

Hoja tamu, ila haina mashiko. Hale ni megawati 21, New Pangani 68, na zote zinaingia gridi ya Taifa. EWURA inapanga bei kwa nchi nzima baada ya kujumlisha gharama zote: maji, gesi, mafuta, nyaya, hadi umeme unaopotea njiani. Kila mkoa ungebeba gharama zake, Kigoma iliyokaa kwenye majenereta ya dizeli miaka nenda miaka rudi ingelala giza. Na sisi, mto Pangani ukipungua maji, tungekimbilia wapi? Bei moja kwa mikoa yote ni udugu. Tuitetee.

Ugomvi wangu ni mwingine: hiyo bei moja si moja!

Kwa bei zilizopangwa 2016, nyumba yenye matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi iko D1, shilingi 100 kwa uniti. Matumizi yako ya kawaida yakipita hapo unahamishiwa T1, shilingi 292. Ongeza VAT asilimia 18, REA 3 na EWURA 1, unapata 122 kwa 356. Karibu mara tatu! Nia ilikuwa kumsaidia mnyonge. Lakini mita haimjui mnyonge, inajua uniti tu.

Hebu tupige hesabu. Mzee wa Magoma ana nyumba yake na mita yake, anatumia uniti 40. Analipa 4,880. Mwanawe kapanga chumba Ngamiani, Tanga mjini, naye anatumia 40 zile zile. Ila nyumba ina familia nne na mita moja. Jumla uniti 160, wote wako T1, kila familia inalipa 14,240. Umeme ule ule, mkoa ule ule, jasho tofauti.

Mtasema avute mita yake. Januari 2022 ada ya kuunganishiwa mjini ilirudishwa 320,960 hata kwa nyumba isiyohitaji nguzo, vijijini ikabaki 27,000. Nani atamwaga laki tatu kwenye nyumba ya mtu mwingine? Na juu yake kuna kodi ya jengo, iliyoingizwa kwenye LUKU 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, ikapanda 1,500 mwaka 2023. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Yaani mpangaji anamlipia mwenye nyumba kodi ya nyumba!

Msituambie tena "subirini bwawa". Mitambo yote 9 ya Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, ilikamilika 2025. Umeme upo.

EWURA na TANESCO wahesabu familia, si mita. Nyumba yenye kaya nne ipewe uniti 75 mara nne kwa bei ya D1, mwenyekiti wa mtaa athibitishe. Wakiona kazi hiyo ngumu, basi wampe mpangaji mita kwa 27,000 kama mwenzake wa kijijini.

Naomba kutoa hoja.