Simu darasani: Marufuku pekee hayatawapa wauguzi wa kesho adabu

TABAKA, eneo lililoko Mugirango Kusini katika Kaunti ya Kisii, linasifika kote duniani kwa vinyago vinavyochongwa kwa mawe laini. Wasiolifahamu vyema husahau kwamba ndiko pia iliko Hospitali ya Misheni ya Tabaka, iliyo chini ya Kanisa Katoliki, pamoja na chuo chake cha kufunzia wauguzi. Ni katika vyuo vya aina hiyo ambako mjadala kuhusu matumizi ya simu darasani unakuwa na uzito wa kipekee. Kinachompita mwanafunzi wa uuguzi leo huenda kikamgharimu mgonjwa kesho.

Malalamiko ya wahadhiri kote nchini yanafahamika. Somo likiwa limenoga, vichwa vimeinama na vidole vinapapasa skrini chini ya dawati. Simu ya mmoja inalia, mwenzake anacheka peke yake kwa sababu ya video aliyotumiwa. Wapo hata wanaopokea simu kwa sauti ya chini kana kwamba anayefundisha ni redio iliyosahauliwa mezani.

Hata hivyo, kabla ya kumtwika mwanafunzi lawama zote, ni muhimu kuuliza tabia hii imetoka wapi. Shule nyingi za sekondari nchini, hasa za bweni, humzuia mwanafunzi kumiliki simu. Kwa miaka minne kijana huijua simu kama kitu cha kufichwa, si cha kutumiwa kwa kiasi. Anapojiunga na chuo huwa mtu mzima, anakabidhiwa uhuru wote kwa siku moja, na hakuna aliyewahi kumfunza adabu yake.

Aidha, vyuo vyenyewe vimeifanya simu kuwa sehemu ya masomo. Taasisi za elimu zilipofungwa mnamo Machi 2020 kutokana na janga la Covid-19, wengi walisoma kupitia simu kwa kuwa hawakuwa na kompyuta. Milango ilifunguliwa tena lakini mazoea yalibaki. Saa ya somo ikibadilishwa, taarifa hutumwa katika kundi la WhatsApp. Madokezo ya somo hutumwa huko huko. Mwanafunzi anayeambiwa asiiguse simu ndiye huyo huyo anayelaumiwa kwa kukosa tangazo lililotumwa akiwa darasani.

Isitoshe, tangu M-Pesa ilipozinduliwa mwaka 2007, simu imekuwa pia mkoba. Karo, kodi ya chumba na pesa za chakula hupitia humo. Kwa mwanafunzi ambaye ni mzazi, au anayetegemewa na wadogo zake nyumbani, simu inayotetemeka si burudani. Huenda ni habari ya mtoto aliyeugua.

Sababu hizo zinaeleza tabia hiyo, lakini haziondoi madhara yake. Ripoti ya UNESCO kuhusu teknolojia katika elimu, iliyotolewa mwaka 2023, ilitaja utafiti ulioonyesha kwamba mwanafunzi aliyevurugwa na simu anaweza kuchukua hadi dakika 20 kabla ya kurejesha umakini wake. Kwa kipindi cha saa moja, jumbe tatu tu zinatosha kuharibu somo zima. Katika darasa la uuguzi, dakika hizo zinaweza kuwa ndizo za kufunzwa hesabu ya kipimo cha dawa ya mtoto.

Hatari huongezeka mwanafunzi anapotoka darasani na kuingia wodini. Mkono unaogusa skrini kisha ukamgusa mgonjwa bila kunawa unaweza kubeba viini. Picha inayopigwa kwa mzaha kando ya kitanda inaweza kumfichua mtu akiwa katika hali ya unyonge. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Asiyejifunza kujizuia mbele ya mhadhiri hatajifunza ghafla mbele ya mgonjwa asiyeweza kujitetea.

Je, suluhisho ni kupiga simu marufuku kabisa? Ripoti hiyo ya UNESCO ilionyesha kwamba kuondoa simu katika shule za Ubelgiji, Uhispania na Uingereza kuliboresha matokeo, hasa ya wanafunzi waliokuwa wakisalia nyuma. Lakini hizo zilikuwa shule za watoto. Kumnyang'anya mtu mzima simu yake huzaa ugomvi, na hakumfundishi afanye nini atakapokuwa zamu ya usiku bila wa kumchunga.

Njia bora ni kanuni chache zinazowabana wote. Chuo kiweke saa maalumu za kutuma matangazo, ili asiwepo wa kudai kwamba alikuwa akingoja taarifa. Mhadhiri aseme mwanzoni mwa somo ni wakati gani simu itahitajika, na yake iwe ya kwanza kuzimwa. Mwenye dharura ya kifamilia aarifu mapema, aketi karibu na mlango na atoke kimya simu inapoita. Wodini, simu ya kibinafsi ibaki nje, na atakayempiga mgonjwa picha bila idhini aadhibiwe. Kanuni hizo zitungwe pamoja na wanafunzi, kwani sheria ambayo mtu ameshiriki kuitunga humwia vigumu kuikaidi.

Jamii ya Abagusii si ngeni kwa fikra hiyo. Neno chinsoni hubeba maana ya haya na heshima inayomfanya mtu ajizuie mbele ya mwenzake hata pasipo askari. Wachongaji wa Tabaka nao wanajua kwamba kipande kilichobanduliwa kimakosa hakirudishwi kwenye jiwe, na ndiyo maana anayejifunza kazi hiyo hukodolea macho mikono ya fundi wake. Mwanafunzi wa uuguzi anafunzwa kazi isiyosamehe makosa vilevile, tena anayeumia si jiwe.