Wajumbe Wasiofika Pwani

Mjumbe hauawi, walisema wahenga, nami nikiandika haya sina nia ya kumwua mjumbe yeyote. Lakini wahenga hao hawakusema kwamba mjumbe haulizwi. Nataka kuwauliza wajumbe wa mashirika ya kimataifa, wale ambao kazi yao ni kwenda na kurudi baina ya makao makuu yao na serikali zetu wakati wa maradhi makubwa: ujumbe wenu hupelekwa kwa nani, na huishia wapi?

Mimi ni mtu wa Bwejuu, kisiwa kidogo katika wilaya ya Mafia. Kwetu bahari ndiyo njia, ndiyo shamba, ndiyo soko. Mgonjwa akizidiwa hupakiwa chomboni kwenda Kilindoni. Bahari ikichafuka, husubiri. Ugonjwa nao hutufikia kwa chombo kilekile kinachotuletea unga na mafuta. Kwa hiyo habari za maradhi kwetu ni kama habari za upepo. Anayezipata mapema hujiandaa, na asiyezipata humkuta yuko katikati ya maji.

Tukumbuke yaliyotokea. Mwaka 2020 Tanzania ilitoa hesabu yake ya mwisho ya UVIKO-19 kwa kipindi kile: wagonjwa 509, vifo 21. Wakati huohuo Rais Magufuli alisimulia jinsi sampuli za papai na mbuzi zilivyopelekwa maabara na kurudi na majibu ya ugonjwa. Mwezi Juni nchi ikatangazwa kuwa salama. Kwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya hapo hatukuhesabiwa tena, si wagonjwa wala wafu.

Msomaji asinielewe vibaya. Kulikuwa na hekima katika kukataa kuwafungia watu ndani. Mvuvi haweki akiba benki. Samaki wa leo ndio chakula cha leo. Aliyeandika amri ya kukaa nyumbani akiwa katika mji wenye maghala na mishahara hakuwa akimfikiria mtu anayelala njaa asipoingia baharini. Lakini kukataa kufunga soko ni jambo moja, na kukataa kuhesabu wagonjwa ni jambo jingine. La kwanza lilimwachia maskini riziki yake. La pili lilimnyima macho.

Na wajumbe je? Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinaitaka kila nchi itoe taarifa ya tukio la hatari ndani ya saa 24 baada ya kulitathmini. Kanuni hizo hazina askari. Nchi ikinyamaza, Shirika la Afya Duniani hubaki na kalamu na simu tu. Tarehe 20 Februari 2021 mkurugenzi wake mkuu, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitoa tamko: alikuwa amezungumza na wakuu kadhaa wa Tanzania, na shirika lake lilikuwa bado halijapata taarifa. Siku tatu kabla, Maalim Seif Sharif Hamad alikuwa amefariki dunia, baada ya chama chake kutangaza mwezi uliotangulia kwamba ameambukizwa. Karibu miezi kumi ilikuwa imepita tangu ile hesabu ya mwisho.

Nayapima maneno ya tamko lile. Ni lawama ya mkubwa kwa mkubwa. Limeandikwa Geneva ili lisomwe Dodoma na katika balozi. Ndani yake hakuna neno la kumwambia nahodha abebe abiria wangapi, wala la kumwambia mwosha maiti ajikinge vipi. Mlango wa serikali ulipofungwa, mjumbe alikaa kizingitini akibisha hodi, kana kwamba nyumba ya Tanzania ina mlango mmoja tu. Nyumba hii ina milango mingi: misikiti na makanisa, walimu, wakunga, wenyeviti wa vijiji, viongozi wa wavuvi, redio. Nani alibisha huko?

Fedha, hata hivyo, zilijua njia. Baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuapishwa tarehe 19 Machi 2021, mazungumzo yalifunguka. Katika maongezi na Shirika la Fedha la Kimataifa, suala la kutangaza takwimu za ugonjwa lilikuwa mezani. Mwezi Septemba mkopo wa dola milioni 567.25 ukaidhinishwa, na kutokana nao yakajengwa madarasa 15,000. Madarasa ni neema, sitayabeza. Lakini takwimu za vifo vyetu hazikupaswa kuwa kitu cha kujadiliwa pamoja na mkopo. Ni haki ya waliozika.

Wala wakubwa wa nje wasijitakase. Shehena ya kwanza ya chanjo, dozi 1,058,400 kutoka Marekani kupitia mpango wa COVAX, ilifika Julai 2021. Nchi hii ina watu zaidi ya milioni 60. Nchi tajiri zilikuwa zimeshajipakulia kwanza, kisha zikatuuliza kwa nini tumechelewa kuja mezani.

Najua nitajibiwa: shirika la kimataifa haliwezi kuiruka serikali; huo utakuwa ukoloni mpya. Hoja hii ina uzito, na sisi tuliotawaliwa hatuhitaji kufundishwa uzito wake. Lakini mamlaka ya taifa ni amana ya wananchi, si pazia la kuwafunika. Na kusema na wananchi si kuipindua serikali. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa habari za homa inayodhaniwa kuwa ya Marburg mkoani Kagera, wizara ikakana, siku chache baadaye, tarehe 20 Januari, Rais Samia alithibitisha ugonjwa huo Dodoma, Tedros akiwa kando yake. Habari ilitoka hadharani, na serikali haikuanguka.

Mei 2025 mataifa yalipitisha huko Geneva mkataba mpya kuhusu magonjwa ya mlipuko. Serikali zimeahidiana mambo mengi. Mimi naongeza dai moja dogo. Kila shirika linaloweka mjumbe kwa waziri liwe pia na njia ya wazi, iliyokubaliwa na serikali siku za amani, ya kupeleka habari hiyohiyo hadi kwenye zahanati na bandari ndogo, kwa Kiswahili cha kueleweka, na isifungwe waziri anaponuna. Makubaliano hayo yatafutwe sasa, kabla ya ugonjwa mwingine. Wakati wa dhoruba hakuna anayeshona tanga.

Mpaka hapo, wasituambie kwamba wameshauriana na Tanzania. Waseme ukweli: wameshauriana na ofisi.