Tongoni inahitaji chokaa, si saruji
Na Mwanahamisi Shekue

Maji yakitoka Raskazone, hapa Tanga, miamba ya matumbawe hubaki wazi, na ng'ambo ya ghuba huonekana Kisiwa cha Toten, chenye magofu ya misikiti ndani ya miti. Waliojenga kule walichukua jiwe, chokaa na boriti papa hapa pwani. Akili ya kuviunganisha ilikuwa yao.

Ukitaka kuiona kazi hiyo kwa karibu, shika barabara ya Pangani hadi Tongoni. Pana gofu la msikiti na makaburi yapatayo 40, kazi iliyoanza karne ya 14 na 15. Mwaka 1498 meli ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama mwambani jirani na hapo. Januari 1499, wakiwa safarini kurudi, wakaichoma moto kwa kukosa mabaharia wa kutosha.

Ninachokistahi zaidi kwa waashi wale ni kujua kila jiwe linafaa wapi. Tumbawe likitoka baharini ni laini, linachongeka. Likikauka huwa gumu. Basi fundi aliliwahi bichi, akalipa kazi ya kibla na nakshi za milango. Jiwe gumu la nchi kavu ndilo lililobeba ukuta. Kwa chokaa, walipanga magogo, wakarundika matumbawe juu yake, wakawasha. Kisha wakaiacha ipigwe na mvua kwa miezi kabla ya kuitumia. Hata upana wa chumba uliamuliwa na boriti ya mkoko: mita mbili na nusu hadi tatu, basi, kwa kuwa dari la mawe ni zito. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za pwani ni virefu na vyembamba.

Kinachoniuma ni kuona kuta za namna hii zikikarabatiwa kwa saruji. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hukwama ndani, chumvi hujikusanya, na jiwe humung'unyuka nyuma ya lipu inayoonekana nzima. Uharibifu huo hufanywa kwa nia njema kabisa.

Sisemi turudi kukata matumbawe. Mwamba hai ni mazalia ya samaki, na tangu 2009 tuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti hapa Tanga. Lakini mkoa huu umekalia mawe ya chokaa: mapango ya Amboni ni ya jiwe hilo. Chokaa ya ukarabati inaweza kupatikana bila kugusa bahari.

Vyuo vyetu vya ufundi vianzishe somo la uashi wa chokaa. Wazee waliobaki na ujuzi huo wawe walimu, walipwe, na vijana wajifunzie Tongoni penyewe chini ya usimamizi wa Idara ya Mambo ya Kale. Bahari inaula ufukwe pale, na nguzo nyingi za makaburi zimekwisha kuanguka.