Mgeni wa Songea alale siku ya pili

Kila ifikapo Februari 27, mji wa Songea hupokea wageni wanaokuja kuwakumbuka mashujaa 67 wa Vita ya Majimaji walionyongwa na Wajerumani tarehe hiyo mwaka 1906. Wageni huzuru makumbusho na kaburi la pamoja, husikiliza hotuba, hula chakula cha mchana, na wengi wao alfajiri ya kesho yake wamo ndani ya basi la Njombe. Sehemu kubwa ya fedha walizokuja nazo wanaondoka nazo.

Hili linasikitisha kwa sababu Songea ina kitu cha kumfanya mgeni alale siku ya pili. Ndani ya eneo la Manispaa ipo bustani ya asili ya wanyamapori ya Luhira, iliyo chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA). Ni miji michache nchini ambako mtu anaweza kumwona pundamilia kisha akawahi kurudi sokoni kabla halijafungwa. Bodaboda inafika.

Kisha kuna safu ya milima ya Matogoro, ambayo wakazi wengi wa mjini huitazama kila siku bila kuikanyaga. Humo ndimo unakoanza mto Ruvuma, ambao huko mbele ni mpaka wetu na Msumbiji hadi Bahari ya Hindi. Humo pia hutoka Luegu, unaokwenda kuungana na Kilombero na kuwa Rufiji, mto unaozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere. Na hutoka Luhira, ambao mji wa Songea unautegemea kwa maji. Mtoto wa shule akionyeshwa chemchemi moja tu kati ya hizo, somo la jiografia litamkaa kichwani kuliko kukariri ramani ubaoni.

Wapo watakaosema utalii ni mambo ya Wazungu na ya Arusha. Sisi hatuwashauri wafanyabiashara wa Songea wakae wakisubiri Wazungu. Mgeni wa kwanza wa Matogoro na Luhira ni mkulima wa Mbinga, Namtumbo au Tunduru aliyeleta mahindi mjini, mzazi aliyekuja kumwona mgonjwa Peramiho, na wanafunzi wa shule zetu wenyewe. Barabara za lami sasa zinatuunganisha na Mtwara upande mmja na Ziwa Nyasa upande wa pili. Wasafiri wanapita hapa.

Majira nayo tuyapange vizuri. Februari ni masika. Njia za mlimani zinateleza na mkulima yuko shambani. Wakati mzuri ni kuanzia Juni, mvua zikiwa zimekatika, shule zimefungwa na mahindi yameanza kugeuka kuwa fedha. Baridi ya Songea mwezi huo si ya mchezo, kwa hiyo muuza masweta wa mitumba naye ahesabiwe katika biashara hii.

Tupige hesabu ndogo. Kundi la wanafunzi na walimu 30 likila mchana na usiku ni sahani 60. Hizo ni kama kilo kumi na mbili za mchele, na ukigawa kuku mmoja kwa watu wanne, kila mlo unahitaji kuku wanane. Ongeza maharage, mboga, ndizi, asali ya kubeba nyumbani na vyumba vya kulala. Hiyo si biashara ya hoteli kubwa. Ni biashara ya mamantilie, ya mfugaji wa kuku wa kienyeji na ya kikundi cha akina mama chenye bustani ya mchicha, ilimradi anayeandaa safari anunue kwao.

Hapo ndipo penye ugomvi wenyewe. Anayeishi chini ya mlima ndiye anayeambiwa asilime kwenye chanzo cha maji, asikate mti, asichome moto. Ni masharti ya haki, maana chanzo kikikauka hata bustani yake ya bondeni itakauka. Lakini mkulima huyo hawezi kuendelea kuulinda mlima kwa faida ya watu wa mjini peke yao. Huko Udzungwa, hifadhi ya taifa tangu 1992, vijiji jirani viliruhusiwa kwa miaka mingi kuokota kuni kavu, hadi ruhusa hiyo ilipofutwa mwaka 2011. Wageni wanaofuata maporomoko ya Sanje huenda wasilijue hilo. Mama wa kijijini analijua, kwa sababu chungu hakipikwi kwa mandhari.

Kwa hiyo tunaishauri Manispaa ikae na TAWA, watu wa misitu na serikali za mitaa inayopakana na mlima. Ziwepo njia moja au mbili zilizowekewa alama, ili wageni wasitapakae kwenye chemchemi. Waongozaji wawe vijana wa mitaa hiyo hiyo, wafundishwe majina ya miti na historia ya Wangoni, na walipwe kwa kiwango kinachojulikana. Sehemu ya kiingilio ipelekwe kwenye miche ya miti ya kuni na mizinga ya nyuki kwa majirani wa msitu, na hesabu yake isomwe mbele ya mkutano wa wananchi.

Wafanyabiashara nao wasisubiri barua. Wenye nyumba za wageni wanaweza kukubaliana na waendesha bodaboda na mamantilie bei moja ya siku nzima, wakaibandika mapokezi na stendi kuu kabla ya Februari 27 ijayo.